Farumi Yenye Uhai

Mabaharia wa majahazi walitia mawe au mchanga ngamani ili chombo kisicho na shehena kisiyumbe. Uzito huo waliuita farumi. Farumi ya meli za chuma ni maji. Meli ya mafuta ikishusha mzigo Kipevu, Mombasa, huvuta maji ya bahari papo hapo, maelfu ya tani, na kuyamwaga huko inakokwenda kupakia. Jiwe halizai. Maji haya yamejaa mayai, mwani, bakteria, na kaa na chaza wachanga wasioonekana kwa macho.

Bahari Nyeusi inajua gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia humo Mnemiopsis leidyi, mnyama laini anayefanana na konyeza, mwenyeji wa pwani za Atlantiki za Amerika. Wataalamu wanaamini aliletwa na maji ya meli. Hakumkuta wa kumla. Akafagia vijidudu ambavyo ni chakula cha dagaa, akala na mayai ya dagaa wenyewe. Uvuvi uliokuwa tayari umepita kiasi ukamalizia, na kufikia mwisho wa mwongo huo nyavu zilirudi karibu tupu. Nafuu ililetwa na mgeni mwingine, Beroe ovata, aliyeonekana 1997 na ambaye chakula chake ni huyo Mnemiopsis. Siwezi kuiita hiyo kinga.

Kinga iliandikwa katika mkataba wa kimataifa wa 2004, ulioanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Awali meli zilitakiwa kubadilisha maji katika bahari kuu, kwa kuwa viumbe wa bandarini hawastahimili kilindi. Sasa kipimo ni kikali zaidi: katika kila mita ya ujazo inayomwagwa, viumbe hai wenye ukubwa wa mikromita 50 au zaidi, yaani pungufu kidogo ya unene wa unywele, wasifike 10. Vimelea vya kipindupindu vina kikomo chao.

Ili kufika hapo, maji hupita kwanza kwenye chujio, kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno au hupitishiwa umeme unaogeuza chumvi yake kuwa klorini. Klorini hiyo lazima ivunjwe nguvu kabla ya kumwagwa, la sivyo tutaua bahari tunayoilinda. Naona ugumu wenyewe upo kwenye milango ya mito: tope huziba chujio na kuzuia mionzi, na maji yakiwa baridi, yasiyo na chumvi, umeme hauna cha kugeuza. Mtambo uliofaulu kwenye maji maangavu unaweza kushindwa hapo.

Tena kuna mashapo yanayotuama chini ya matangi. Baadhi ya mwani wenye sumu hujifungia humo ndani ya ganda gumu na kulala kwa miaka, wakingoja maji yanayowafaa. Ndiyo maana mkataba unazitaka bandari zinakosafishwa matangi ziwe na mahali pa kupokelea tope hilo, lisirudishwe baharini.