Arua Hill: Timu iliyoondoka kabla hatujaizoea

Kuna wakati, na si zamani sana, ambapo siku ya mechi makondakta wa stendi ya Koboko waliacha kuita "Arua! Arua!" Waliita "Mpira! Mpira!" na gari lilijaa kabla dereva hajamaliza chai yake. Ni kilomita kama 55 hadi Arua, kwa barabara ile ya lami inayotoka Vurra hadi Oraba, na ndani ya gari ubishi ulikuwa mmoja tu: wewe ni wa Onduparaka au ni wa Arua Hill?

Nilikuwa miongoni mwa abiria hao. Wengine walikwenda kwa ajili ya mpira tu. Sisi wachuuzi tulikwenda kwa mambo mawili, mpira na mzigo. Asubuhi unanunua bidhaa mjini, mchana unaziacha kwa mtu unayemwamini, jioni unarudi nazo huku sauti imekauka kwa kupiga kelele. Nauli moja, kazi mbili. Mfanyabiashara gani angekataa?

Lakini ili msomaji aelewe kwa nini watu wazima walifunga maduka yao kwa ajili ya mpira, nirudi nyuma kidogo.

Sisi tuliozaliwa au kukulia ng'ambo ya mpaka, wazazi wetu wakiwa wamekimbia baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979 na jeshi kuingia West Nile mwaka 1980, tuliijua kandanda ya Uganda kwa redio. Ukiwa upande wa Zaire au upande wa Sudan, unasikia KCC, unasikia Express, unasikia Villa. Ukiambiwa uchague timu, unachagua moja kati ya hizo, ingawa hujawahi kuuona uwanja wake wala hujui Kampala iko upande gani wa mto. Tuliporudi nyumbani katikati ya miaka ya 1980 tulirudi na timu hizo mioyoni. Baadaye ikaja miaka ya vita vya Kony, ambapo safari ya kupitia Karuma ilikuwa ya msafara wa wanajeshi na dua. Kampala ikazidi kuwa mbali. Mpira wa ligi kuu ulikuwa kitu cha watu wengine, nasi tuliusikiliza kama tulivyosikiliza habari za bungeni.

Wa kwanza kuigeuza hali hiyo walikuwa Onduparaka, timu ya kijamii kutoka nje kidogo ya mji wa Arua, chini ya mwenyekiti wao Benjamin Nyakuni. Mwaka 2016, ikiwa bado daraja la pili, ilifika fainali ya Kombe la Uganda na kupoteza mbele ya Vipers. Mwaka huohuo ikapanda ligi kuu. Mashabiki wakaiita Caterpillars. Uwanja wa Greenlight ukawa hautoshi watu. Mshambuliaji wake, Muhammad Shaban, akaitwa timu ya taifa na kwenda Gabon kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2017, la kwanza kwa Uganda tangu 1978. Kijana wa kwetu, anayechezea timu ya kwetu! Nakumbuka wazee waliokuwa hawajui kanuni ya kuotea wakieleza jinsi Shaban anavyotakiwa kupangwa.

Mwaka 2017 fainali yenyewe ya Kombe la Uganda ikaletwa Arua. Paidha Black Angels, wa Zombo, walicheza na KCCA na kufungwa mabao 2-0. Paidha nao walionja ligi kuu msimu mmoja tu, 2018/19, wakashuka. Basi wakati mambo hayo yanatendeka, sisi tulidhani mlango umefunguka na hautafungwa tena.

Ndipo ikaja Arua Hill.

Mwaka 2020 ulikuwa wa ajabu. Tarehe 1 Julai Arua ikapewa hadhi ya jiji, mipaka ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona na sisi wa mpakani tukihesabu hasara. Mwaka huohuo klabu iliyokuwa ikiitwa Doves All Stars ikabadilishwa jina kuwa Arua Hill Sports Club. Aliyekuwa nyuma yake ni mhandisi Joel Aita, mwenye kampuni ya Joadah Consult. Hii haikuwa timu ya kupitisha kofia sokoni. Ilikuja kama kampuni inavyokuja: ina mwenye mali, ina mipango, na ina ndoto ya kuujenga upya uwanja wa Barifa uwe wa kisasa, pamoja na majengo ya biashara. Mwaka 2021 ikapanda ligi kuu pamoja na Gaddafi na Tooro United. Kocha wake alikuwa Livingstone Mbabazi, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa, na benchi lake halikuwa la kubahatisha.

Kwa hiyo jiji jipya likawa na timu mbili za ligi kuu. Hata Mbarara wangelitamani hilo. Nyumba ziligawanyika. Mimi nilikuwa Onduparaka kwa sababu nilianza nao. Mdogo wangu akawa Arua Hill kwa sababu, alivyodai, yeye hapendi timu inayoomba nauli. Tulikwenda Barifa pamoja kutazama mechi ya watani wa jadi na kurudi kila mmoja kwa gari lake. Nje ya uwanja kina mama wa chapati za mayai na karanga hawakuuliza mtu ni wa upande gani. Waganda wa Kampala, Wakongo kutoka Ariwara, Wasudan Kusini waliokimbilia kwetu vita vilipofika Yei mwaka 2016, wote walinunua. Siku moja kama hiyo ilikuwa sawa na siku ya gulio.

Sasa tufanye hesabu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa hesabu.

Msimu wa 2021/22 ligi ilikuwa na timu 16. Kila timu ina mechi 15 za ugenini. Toa ile ya jirani, zinabaki 14. Timu nyingi ziko Kampala na viunga vyake. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, kwenda na kurudi 1,000. Weka mafuta, weka malazi ya watu zaidi ya 20, weka chakula cha vijana wanaokula kama vijana. Halafu weka mishahara ya kila mwezi, hata mwezi usio na mechi ya nyumbani. Timu ya Kampala ikicheza na jirani yake inapanda basi baada ya chakula cha mchana na kurudi kabla ya cha jioni. Ya kwetu inaondoka siku moja kabla.

Kweli, umbali huo ulitusaidia pia. Wageni walifika Arua wamechoka, viuno vinauma, wakakuta uwanja unanguruma. Pointi nyingi za nyumbani tulizipata barabarani, kabla filimbi haijapulizwa. Lakini pointi hazilipi mafuta. Na kiingilio? Watu wetu wanapenda mpira, ila senti za mpira ni zilezile za ada ya shule na za dawa. Kiingilio kikipanda kidogo, miti iliyo karibu na uwanja inajaa watu. Msimu wa 2020/21, kwa ajili ya korona, ligi nzima ilichezwa bila watazamaji, na Onduparaka, waliozoea kuishi kwa umati, waliumia kuliko timu zenye shirika au jeshi nyuma yao.

Mwaka 2023 Onduparaka wakashuka, baada ya misimu saba. Tulilia, lakini tulikuwa tumeona dalili. Sisi wa upande ule tukasema basi, angalau jirani yuko. Mdogo wangu alinikaribisha Arua Hill kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini.

Hakukaa na furaha hiyo muda mrefu. Msimu wa 2023/24 ulipoanza, habari zilizokuja hazikuwa za matokeo. Zilikuwa za timu kutofika uwanjani. Mechi inapangwa, waamuzi wanakuja, wapinzani wanapasha misuli moto, Arua Hill haipo. Kanuni za ligi haziwezi kuvumilia jambo hilo likijirudia, na klabu ikaondolewa ligini msimu ukiwa bado mbichi. Misimu miwili kamili na kipande. Kuna watu mjini ambao jezi yao ilikuwa haijachuja rangi.

Sitaki kumtupia lawama mtu aliyetoa fedha zake kwa ajili ya burudani yetu. Wengi wenye fedha zaidi hawajatoa hata mpira mmoja. Ninachokiona ni hiki: Onduparaka walipokuwa na shida tulijua, kwa sababu walitujia. Walikuja sokoni, walikuja misikitini na makanisani, wakatuchosha kweli kwa michango. Arua Hill haikuwahi kunijia, na nilipenda hivyo. Nilinunua tiketi nikaona nimemaliza. Siku ilipokwama hapakuwa na mtu wa kuniuliza nina nini mfukoni, na mimi pia sikuwa na mahali pa kwenda kuuliza kulikoni. Mdogo wangu, aliyejisifu kwamba timu yake haiombi nauli, alikaa siku nzima bila kulitaja jambo hilo. Nami sikumchokoza, ingawa nilitamani.

Wachezaji wakatawanyika, kila mmoja akitafuta klabu. Hiyo ndiyo kazi yao. Wenye chapati za mayai wakarudi kwenye vituo vya bodaboda. Koboko, vibanda vya video vikarudisha wateja wao wa Arsenal na Manchester United, na ubishi wa Jumamosi ukahamia Uingereza, ambako hakuna hata mmoja wetu atakayewahi kufunga duka ili aende.

Mwezi uliopita nilishuka Arua kuchukua sabuni. Gari lilichelewa kuondoka Koboko, viti viwili vilikuwa wazi. Kondakta alikuwa yuleyule wa siku zile, amenenepa kidogo. Nilimtania, nikamwambia aite "Mpira!" ajaze gari. Alicheka, akagonga bodi la gari kwa kiganja, akaendelea kuita: "Arua, wawili! Arua, wawili tunaondoka!"