Maniema: Kanyamwa, mama wa heshima kati ya Warega

Katika vijiji vya Warega vya teritware ya Pangi, mashariki ya mji wa Kindu, hakuna mama aliyeheshimiwa kumpita kanyamwa. Hicho ndicho cheo cha juu cha wanawake ndani ya Bwami, chama cha jadi kinachofundisha watu adabu, kiasi na mapatano.

Mwanaume hakuweza kufika mbali katika Bwami bila mke. Alipopanda ngazi za juu, mke wake alipandishwa pamoja naye, na tangu siku hiyo ndoa yao haikuvunjwa tena. Malipo ya sherehe yalichangwa na ndugu na wakwe, kwa hiyo cheo cha mama mmoja kilifunga koo mbili. Mama huyo huyo ndiye aliyelima, aliyelea watoto na kupikia wageni.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulipiga Bwami marufuku. Hata hivyo, mafundisho hayakufa. Vinyago na sanamu nyingi za pembe za ndovu zilichukuliwa, na leo zimo katika majumba ya makumbusho, kama lile la Tervuren, Ubelgiji.

Lakini kwa Warega, kinyago peke yake hakisemi kitu. Maana yake hutolewa na methali, wimbo na ngoma. Wazee ndio wanaoyashika hayo, akina mama kwa akina baba. Wajukuu wasipowauliza mapema, vinyago vitabaki bila wa kuvieleza.