Beji ya Sunderland kwenye sanduku la baba: usiiuze kabla hujaitambua

Wiki hii msikilizaji wetu wa Mlowo alipiga simu studio. Baba yake amefariki, na kwenye sanduku la marehemu wamekuta beji ndogo ya kubana kifuani, imeandikwa Sunderland. Mnunuzi wa vyuma chakavu anampa shilingi elfu moja. Je, auze?

Jibu letu: asubiri. Kwanza ajue alichonacho.

Soma jina

Sunderland ndiyo Simba ya leo. Klabu hiyo iliyoanzishwa 1936 ilichukua jina la Simba mwaka 1971. Kwa hiyo beji yenye jina la zamani inaweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Vivyo hivyo, kidani chenye dubu Misha kinakupeleka kwenye Olimpiki ya Moscow ya 1980, ambako Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha.

Lakini jina pekee si ushahidi. Beji yenye jina la zamani inaweza kutengenezwa hata leo.

Geuza nyuma

Kitu kilichovaliwa miaka mingi huchakaa sehemu zilizoinuka na kwenye pini. Kilichozeeshwa kwa ujanja huwa na uchakavu wa kufanana kote.

Kisha tafuta namba ndogo. 375, 585 au 750 ni alama za dhahabu. 925 ni ya fedha. Jaribu na sumaku pia: dhahabu na fedha havinaswi. Ila kuwa mwangalifu, hata shaba hainaswi, na namba nayo huweza kughushiwa. Uhakika utaupata kwa sonara, naye apime mbele ya macho yako.

Thamani mbili

Kuna thamani ya madini na thamani ya kumbukumbu. Hata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa sehemu kubwa ni fedha, dhahabu yake ni kama gramu 6 tu. Lakini nani ataiuza kwa kilo? Beji ya marehemu huenda ni bati tupu, na bado shabiki mkongwe akaitaka kuliko pete.

Ndiyo maana usiisugue kwa majivu wala steliwaya. Utaondoa rangi na umri wake. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Andika nani aliivaa, wapi na lini, na kama ipo picha yake akiwa ameivaa, viweke pamoja. Hakuna bei maalumu ya vitu hivi, hivyo uliza zaidi ya mtu mmoja.

Jambo la mwisho. Msikilizaji wetu alituambia wamezaliwa watano. Basi hiyo ni mali ya urithi, hata ikiwa ya shilingi elfu moja. Kikao cha familia kitangulie, mnunuzi afuate.