Moshi Umekwisha, Sumu Imebaki

Kipupwe kikiingia, Makete na Njombe, Limuru na Kinangop, jiko la mkaa huhamia chumbani. Wanaolala nalo si wazembe. Wana utaratibu wao: jiko huwashwa nje, hupepewa, husubiriwa mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo huingizwa ndani. Mlango hufungwa, na kitambaa husokomezwa chini yake baridi isipenye. Wamekosea jambo moja tu: wanaogopa moshi peke yake.

Moshi angalau hubisha hodi. Huwasha macho, hukereketa koo, hukutoa nje kwa lazima. Lakini kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, haina rangi wala harufu. Mkaa unapoungua hutoa hewa ukaa tunayoijua. Hewa hiyo ikipita katikati ya makaa mekundu hugeuka kaboni monoksaidi. Kwa hiyo jiko lililokolea, lisilo na moshi hata kidogo, bado linatoa sumu.

Katika damu kuna himoglobini, kazi yake kubeba oksijeni. Gesi hii huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama daladala iliyojaa abiria wasioshuka: oksijeni inaachwa kituoni. Hata ile iliyobahatika kupanda haishuki kirahisi inapohitajika. Ubongo na moyo huumia kwanza, na mtoto aliye tumboni huumia pamoja na mama yake.

Dalili za sumu hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Wengi husema ni malaria. Basi uliza: wengine nyumbani wakoje? Malaria haiwaangushi watu wanne kwa usiku mmoja. Aliyelala, kwa bahati mbaya, huenda asizihisi dalili hizo kabisa. Hupita kutoka usingizini hadi kuzimia. Hata kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hudanganyika, kikaonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini.

Na lile beseni la maji kando ya jiko? Halisaidii, kwa sababu gesi hii huyeyuka majini kwa kiasi kidogo mno. Kulala chini nako ni bure: uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo huenea chumba kizima.

Ukiwakuta watu wamezidiwa, fungua milango na madirisha, watoe nje upesi, wala wewe usikawie humo. Kisha wapelekwe hospitali hata wakizinduka, na mwambie mhudumu kwamba jiko lilikuwa ndani. Mtu akivuta hewa ya kawaida, gesi iliyo katika damu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, ni kama saa moja hadi moja na nusu. Wapo wanaopona wakaanza kusahausahau wiki kadhaa baadaye.

Kwa sababu hiyo hiyo, jenereta nayo isiwashwe ndani, wala barazani karibu na dirisha. Na jiko, ndugu msomaji, liote nje jioni pamoja na wanao, kisha ukienda kulala liache huko huko.