Yai Halitoki kwa Kiporo Pekee

Sosiot, huku Kericho, ni nchi ya majani chai, na mahindi, viazi na sukuma wiki hulimwa kwenye vipande vilivyobaki kando ya chai. Kiporo cha ugali, maganda ya viazi na majani ya nje ya kabichi kwa kawaida humwagiwa kuku. Si vibaya, ila kuku aliyeshiba si lazima awe amelishwa. Kuku wa mayai anayetaga karibu kila siku huhitaji kama gramu 17 za protini kwa siku, na ganda la yai moja hubeba gramu 2 hivi za kalisi. Ugali, ambao zaidi ya nusu yake ni maji, una protini ya takriban asilimia 3. Ili atoshelezwe na ugali, ingembidi ale zaidi ya nusu kilo kila siku, naye hawezi. Sukuma wiki nayo ni maji kwa sehemu kubwa, ingawa ina kazi yake: karotinoidi zake hukipa kiini cha yai rangi ya manjano iliyokolea, rangi ambayo mahindi yetu meupe hayana. Kwa hiyo makombo yatolewe jioni, kuku akishakula chakula chake kamili, tena kidogo.

Utaambiwa kwamba kuku wa bibi zetu walikula hivyo hivyo na hawakufa. Kweli, lakini kuku wa kienyeji anayejitafutia hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na wa kisasa hupita 250. Isitoshe, wale wa zamani hawakuishi kwa kiporo. Protini yao ilikuwa mchwa, panzi na minyoo. Ukimfungia kuku ndani ya waya umemnyang'anya chakula hicho, na maganda ya viazi hayakirudishi. Tena si kila kombo ni salama. Maganda ya avokado yana sumu inayodhuru moyo wa ndege, kwa hiyo yazikwe. Mahindi yaliyoota ukungu ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana ndiyo tunayowatupia kuku tukijisifu kwamba hayakupotea. Sumukuvu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu wa namna hiyo, iligunduliwa baada ya batamzinga wapatao 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kuku huistahimili zaidi kuliko batamzinga, lakini ini lake huumia na mayai hupungua.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea makombo ni bei: chakula cha dukani ni ghali. Hapo makombo yana njia nyingine. Funza wa nzi askari mweusi, ambao taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ya Nairobi imewachunguza kwa miaka mingi, hula maganda na kiporo, kisha kuku huwala wao; wakikauka huwa na protini ya takriban asilimia 40. Tatizo la Sosiot ni baridi. Funza hao hukua vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30, joto ambalo usiku wa Kericho haulijui, hivyo karai la kuwafugia liwekwe ndani, upande wa ukuta unaopata joto la jiko.