Wenye sikoseli wasione haya kudai dawa za kinga

Kila ikikaribia likizo ya Julai, jamaa zetu hapa Uingereza huanza kufunga mizigo kwenda nyumbani. Tiketi hukatwa mapema, zawadi hununuliwa mapema. Kinachosahauliwa ni dawa ya kuzuia malaria, hata na wenye sikoseli, ambao ndio wanaoihitaji zaidi.

Tunasikia mara kwa mara kwamba mwenye sikoseli hashikwi na malaria. Si kweli. Anayekingwa kiasi na malaria kali ni yule aliyerithi vinasaba hivyo kwa mzazi mmoja tu, naye haugui sikoseli. Aliyerithi kwa baba na mama, malaria inaweza kumuua.

Sababu moja kubwa ni bandama. Kiungo hiki huchuja vijidudu kwenye damu, na sikoseli hukiharibu tangu utotoni. Ndiyo maana mgonjwa huandikiwa penisilini ya kila siku na chanjo ya nimonia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa penisilini ilipunguza maambukizo makali ya vijidudu vya nimonia kwa watoto wenye sikoseli kwa asilimia 84.

Tatizo letu ni adabu iliyopita kiasi. Tumelelewa tusimbishie daktari; akisema hakuna haja, tunashukuru na kuondoka. Lakini daktari wa mtaani huenda hajawahi kumtibu mgonjwa wa sikoseli hata mmoja. Mwaka 2021 kundi la wabunge wa Uingereza lilichunguza huduma hizi, na ripoti yao waliipa jina lenye maana kwamba hakuna anayesikiliza. Ikiwa wabunge wameliona hilo, sisi tunanyamazia nini?

Basi tuseme wazi: "Bandama yangu haifanyi kazi." Tuulize chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Tukikataliwa, tuombe sababu iandikwe kwenye faili, kisha tumwombe muuguzi wa sikoseli hospitalini atuandikie barua. Ushauri wa malaria tuutafute wiki kadhaa kabla ya safari. Vidonge kwa kawaida hununuliwa, na vingine huendelezwa wiki 4 baada ya kurudi. Penisilini haizuii malaria. Na homa ikipanda, hata kama dawa zote tumemeza, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kumuuliza daktari si utovu wa adabu.