Kambale ni wengi: mashini inatafuta nani?

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki nyumbani na watoto: koperativi zikianza kuingiza majina yetu mu ordinateri, tunapaswa kujua mashini inafanya nini na jina lako.

Vijana wanaotengeneza programu za intaneti wanatumia vyombo sawa Django, Laravel ao Rails. Vyote viko na amri ya namna moja: tafuta huyu mutu, kama hayuko, mwandike. Mu Django inaitwa get_or_create. Inarudisha vitu viwili: fishi ya mutu, na jibu kama ni mpya ao ilikuwako.

Wazo ni zuri, juu mutu asiandikwe mara mbili. Lakini mashini inatafuta kwa alama ile tu iliyopewa. Na huku kwetu Butembo na Beni, jina peke yake halitoshi. Kwa Wanande, Kambale ni kijana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mu shimo moja la Manguredjipa, Kambale wanaweza kuwa kumi. Kama inatafuta kwa jina tu, Kambale wa leo anapewa fishi ya Kambale wa jana. Siku shimo likianguka, ni mjane gani ataitwa?

Kinyume chake pia kiko. Wakitia namba ya telefone kati ya alama za kutafutia, ukibadilisha telefone unakuwa mutu mpya. Mchango wako uko kwa fishi moja, deni linaonekana kwa ingine. Telefone ni kitu cha kujaza kwa fishi, si cha kutafutia.

Karti ya mchimbaji nayo, kufuatana na Code minier, inadumu mwaka 1 tu, kisha inafanywa upya. Kwa hiyo tunaomba koperativi impe kila mwanachama namba yake mwenyewe, isiyobadilika hata akihama shimo.

Bado kuna jambo moja. Karani wa Beni na karani wa Butembo wakimuandika mutu mmoja kwa dakika moja, wote wawili wanauliza mashini, wote wanajibiwa «hayuko», wote wanaandika. Dawa yake ni kufuli ndani ya ghala lenyewe la habari: namba moja isiingie mara mbili. Amri peke yake haizuii.

Basi, mukienda kuandikishwa, muulize maswali matatu: munanitafuta kwa alama gani? Namba yangu ni gani? Ghala linakataa namba kurudiliwa? Tena muombe kuona fishi, na mwangalie kama jina la bibi na la watoto ni yenu kweli. Namba ile muiandike kwa karatasi, ibaki nyumbani fasi bibi anajua.